Maneno Ndani ya Mifuko

Kiwanda kizima kilimwita Kamusi, na aliyemtungia jina hilo alikuwa jirani yake wa cherehani, Mama Pacha, ambaye naye hakuwa na jina jingine tangu alipojifungua wawili kwa mpigo. Kamusi alikaa cherehani namba saba, Mama Pacha namba nane. Miaka sita walikaa hivyo, kiwiko kwa kiwiko, chini ya mabati na juu ya saruji, wakishona makoti ya askari magereza. Kazi hiyo haikuwahi kuisha, kwa sababu magereza nayo hayakuwahi kupungua.

Kamusi alitaka kuwa mkunga. Alikuwa na miaka thelathini na minne, macho yameanza kuchoka kwa kufuata uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, na kikohozi cha vumbi la pamba kilikuwa kimehamia kifuani mwake kama mpangaji. Chuo cha ukunga kilitaka masomo matano. Manne alikuwa nayo. La tano lilikuwa historia ya Ulaya. Kwa nini mkunga alazimike kujua nani alimkata nani kichwa katika nchi za baridi, hilo waulizwe waliotunga kanuni. Mtoto anayetanguliza miguu hamuulizi mkunga habari za wafalme. Lakini kanuni ni kanuni. Ilimruhusu mtu kujaribu somo moja mara tatu, basi. Kamusi alikuwa ameshaanguka mara mbili, na mtihani wa tatu ulikuwa Ijumaa asubuhi.

Mwalimu wa masomo ya jioni, kijana mwembamba asiyeishiwa mafua, alimwambia ukweli bila kumung'unya.

"Dada, historia unaijua. Kinachokuangusha ni maneno. Ukiulizwa maana ya ukabaila, unaanza kunisimulia mfalme alizaliwa wapi na mkewe alikuwa nani. Swali linataka mistari miwili. Miwili tu!"

Akampa orodha ya maneno mia na ishirini, na karatasi nyingine yenye maana zake. Ukabaila. Mtwana. Zaka. Uzushi. Kutengwa na kanisa. Kuzingirwa kwa ngome. Ghasia za mkate. Mgomo wa jumla. Yalikuwa maneno ya watu waliokufa zamani, na Kamusi aliyatazama kwa chuki ya mtu aliyepewa mzigo usio wake.

Ayasome wapi sasa? Nyumbani alikuwa akijibana kwa kaka yake, chumba kimoja na wapwa wanne, ambako hata kufikiri kulihitaji kupanga foleni. Muda wake wote ulikuwa pale kwenye cherehani, na pale karatasi ilikuwa haramu. Msimamizi wa laini yao alipita na rula mkononi, na karatasi yoyote aliyoiona mezani aliichana mbele yako, kisha akakupa vipande ukatupe mwenyewe.

Ndipo Mama Pacha alipokuja na akili.

"Msimamizi anakataza karatasi," alisema. "Kitambaa hajakikataza."

Mama Pacha ndiye aliyekuwa akishona mifuko ya ndani ya makoti. Kamusi yeye alikuwa wa kola, na kola ni kazi ya kichwa, ukiwaza kingine tu ncha zinapishana. Mfuko ni mstari mnyoofu, chini, pembeni, juu, umemaliza. Basi wakabadilishana. Kila asubuhi mafurushi yalipogawiwa, Mama Pacha alisukuma ya mifuko kwa mguu chini ya meza, akavuta ya kola. Vibandiko vya namba ya cherehani waliviacha vilevile, kwa kuwa kuvibadilisha kungehitaji kumwambia msimamizi, na msimamizi hakujali nani ameshona nini ilimradi hesabu ya jioni itimie. Kwenye karatasi za kiwanda, kila mfuko ulikuwa umeshonwa na namba nane.

Kamusi alichukua kipande cha kitambaa cheupe cha mfuko, akaandika neno moja kwa chaki ya fundi, herufi kubwa, akakisogeza upande wa kulia. Mama Pacha alikitupia jicho bila kugeuza shingo.

"Maana?"

Kamusi alijibu kwa sauti ya chini huku akishona. Akipatia, Mama Pacha aliguna. Akikosea, kiwiko kilimfikia mbavuni. Ile karatasi yenye maana ilikaa ndani ya kilemba cha Mama Pacha, mahali ambapo hata msimamizi asingethubutu kupeleka mkono, na wakibishana sana mama huyo alikwenda chooni kuifungua, akarudi na hukumu. Alikuwa ameishia darasa la nne. Alisoma polepole, akipapasa kila silabi. Lakini baada ya wiki tatu hakwenda tena chooni.

"Umesahau kitu," alisema siku moja, mikono yake ikiizungusha kola. "Ukabaila. Mkulima analima shamba la bwana bila ujira, haya. Na akifa?"

"Akifa amekufa."

"Akifa mtoto wake anarithi jembe na bwana yuleyule. Hapo ndipo penye uchungu wake, mwenzangu. Ukiacha hapo umeacha neno zima."

Neno likishajibiwa, Kamusi alikunja kitambaa, upande wa maandishi ndani, akashona, mfuko ukafungwa na neno lake. Wala hakuna aliyepata hasara. Chaki ya fundi ni unga tu. Koti likifika meza ya pasi, mvuke ukilipitia, chaki inatoka bila kuaga.

Wiki mbili kabla ya mtihani, chaki iliisha. Mtunza stoo akafungua boksi jipya, vipande vya buluu ileile, pembe tatu zilezile, akampa Kamusi vitatu. Kamusi alikijaribu kimoja kwenye kitambaa. Kiliteleza vizuri, maandishi yakakoza, naye akafurahi kwamba safari hii Mama Pacha hatahitaji kukodoa macho. Akafurahi! Fundi wa miaka sita, aliyeshika chaki kuliko alivyoshika kijiko, akasikia kitu kinateleza kama mshumaa chini ya kidole chake asijiulize. Ilikuwa chaki ya nta, ile ya vitambaa vizito vya sufu. Mvuke hauitoi. Mvuke unaiyeyusha, kitambaa kinainywa, na hapo imekwisha, utafua mpaka koti lichakae. Siku nyingine angeijua gizani. Lakini siku hizo kichwa chake kilikuwa Ulaya.

Makoti sitini na manne yalipigwa pasi, yakakaguliwa mishono na vifungo, yakakunjwa, yakaenda. Hakuna mkaguzi anayegeuza mfuko wa ndani.

Alhamisi, siku moja kabla ya mtihani, makoti yalirudi.

Yalirudi na askari wawili na karani wa gereza, na habari yao ikatangulia mbele yao kwa mdomo wa dereva wa gari la mizigo. Askari mmoja wa gereza alikuwa amegeuza mfuko wake kukung'uta tumbaku, akasoma ndani yake: KUKATWA KICHWA KWA MFALME. Akamwita mwenzake. Mwenzake akageuza wake: MAPINDUZI. Mkuu wa gereza akawapanga mstari uwanjani, akaamuru kila mtu ageuze mfuko. Wafungwa walikuwa wakitazama.

Meneja alizima laini yote. Vyerehani mia moja vilinyamaza kwa pamoja, kitu ambacho hakikuwahi kutokea mchana wa kazi, na Kamusi akasikia kwa mara ya kwanza jinsi mabati yanavyolia kwa joto. Ofisi ya meneja ilikuwa katikati ya ukumbi, kibanda cha mbao nyembamba na kioo, kilichojengwa pale ili aone kila kitu. Basi na washonaji walimwona yeye, na mlango ukiwa wazi walimsikia. Mezani kwake makoti yalirundikwa, mifuko imetolewa nje kama ndimi.

"Mafurushi haya ni ya namba ngapi?"

"Namba nane, bosi," alisema msimamizi.

Mama Pacha akasimama. Alijifuta uzi kwenye sketi, akamtazama Kamusi kidogo tu, akaenda.

Kamusi alijua hapohapo. Alijua neno, alijua chaki, alijua kila kitu mpaka siku aliyokijaribu kile kipande cha kwanza. Aliweka mkono mezani ili ainuke, na hapo ndipo kichwa chake kilipomletea mtihani: kesho, saa tatu asubuhi, mara ya tatu na ya mwisho. Askari wale wakimchukua leo, kesho hayupo. Nitasema Jumatatu, alijiambia. Nikishamaliza mtihani tu nitakuja kusema. Mkono ukabaki mezani, na makalio yakabaki kwenye stuli. Aliogopa, nasi kumwonea huruma hakutabadilisha hilo.

Na kwa kweli mambo yalianza vizuri.

"Bosi," msimamizi alikuwa akisema, "huyu mama hawezi. Darasa la nne. Kusaini mshahara tu anatoa ulimi. Kuna mtu amemtumia."

Meneja hakupenda askari kiwandani mwake. Alitaka yaishe. Ungeona usoni mwake kwamba ameshaamua: mama huyu hajui lolote, maandishi ni ya mhuni fulani wa meza ya kukatia, tutamtafuta, poleni sana, tutashona mengine bure. Alichukua koti la juu, akaelekeza mfuko kwa Mama Pacha kama mtu anayemwonyesha mtoto picha.

"Mama, tumalize haya. Hili neno hapa, unajua maana yake?"

Sema hujui, Kamusi aliomba kimoyomoyo. Neno moja tu, mama. Sema hujui, urudi ukae.

Mama Pacha alilitazama lile neno. Kisha akanyoosha mgongo, akaweka mikono nyuma, kama wanavyosimama watoto shuleni.

"Mgomo wa jumla," alisema. "Ni wafanyakazi wa kazi zote, siyo wa kiwanda kimoja, kuacha kazi siku moja mpaka wasikilizwe."

Karani wa gereza alitoa kalamu. Meneja, ambaye sasa alikuwa ameanza kubadilika rangi, akachukua koti la pili, akalinyoosha.

"Kizuizi cha njia. Watu wa mtaa wanarundika mikokoteni, viti na mawe barabarani ili jeshi la mfalme lisipite."

La tatu.

"Ghasia za mkate. Bei ya mkate ikipanda kuliko ujira, wanawake ndio wanaotangulia kuvunja maghala."

"Wanawake?" aliuliza askari mmoja.

"Ndio wanaotangulia," alisema Mama Pacha. "Kwa sababu ndio wanaopika."

La nne, la tano, la saba. Alijibu yote, mistari miwili miwili, bila kusimulia mfalme alizaliwa wapi. Sauti yake ilizidi kupanda, na Kamusi alisikia kitu ndani ya sauti ile ambacho miaka sita hajawahi kukisikia. Yule mama alikuwa anafurahi. Alipofika kwenye ukabaila hakusahau la mtoto kurithi jembe.

"Nani amekufundisha haya?" meneja aliuliza, polepole.

Hapo Mama Pacha alizinduka. Walimwona akizinduka, mikono ilitoka nyuma, mabega yakashuka, akarudi kuwa mama wa kola na mifuko. Alitazama makoti, akatazama askari, akaelewa alichokifanya.

"Nimejifunza tu," alisema.

"Kwa nani?"

"Nimejifunza."

Wakamchukua akiwa na vumbi la kazi mwilini. Kilemba chake walikifungua mlangoni, na karatasi ya mwalimu ikaanguka, nayo wakaichukua. Msimamizi aliwasha umeme, akapiga rula mezani, vyerehani vikaanza tena. Jioni hesabu ilikuwa imepungua, akawafokea.

Ijumaa Kamusi alikwenda kwenye mtihani. Maneno yote yalikuwapo, na kila moja lilikuja na guno au na kiwiko. Aliulizwa kumi na tano. Aliandika mistari miwili miwili. Hakuna alilolikosa, na alipotoka nje alikaa ukingoni mwa mfereji wa maji machafu, akajifunika uso, mwalimu akamshika bega akidhani ni furaha.

Jumatatu hakusema. Alikuwa ameahidi, na njia nzima alijikaza, akajipanga hata sentensi ya kuanzia. Lakini alikuta cherehani namba nane ina msichana mgeni mwenye kucha ndefu, na mtu akampasha kwamba Mama Pacha bado yuko mahabusu na anaulizwa wenzake ni akina nani. Wenzake. Mwenzake alikuwa yeye. Akajiambia atasubiri majibu ya mtihani, maana mtu akishikwa wanaweza kuyafuta. Kisha akasema atasubiri Mama Pacha atoke kwanza, wasije wakawa wawili ndani. Mwoga hakosi tarehe nyingine.

Siku ya kumi na mbili walimwachia, bila kesi, kwa kuwa hakuna sheria waliyoweza kuilinganisha na mifuko ya makoti. Ila picha yake ilibandikwa kwenye lango la kiwanda, na kiwanda cha pili, na cha mashati kule ng'ambo ya reli: MTU HUYU ASIAJIRIWE. Mtaani kwao mwenye nyumba akaona asikae karibu na mchochezi, akamhamishia chumba cha nyuma, kile kisicho na dirisha. Watoto wake pacha wakapelekwa kwa dada yake, mbali.

Majibu yalitoka wiki ya tano. Kamusi alikuwa amepata alama ambayo mwalimu alisema hajawahi kuiona katika darasa la jioni. Alikunja ile karatasi, akaenda.

Mama Pacha alikuwa uani, ameinamia beseni, anafua nguo za watu. Mikono iliyokuwa ikigeuza kola bila kuitazama ilikuwa imepasukapasuka kwa sabuni. Hakushangaa.

"Umepita?"

"Nimepita."

"Ukabaila waliuliza?"

"Waliuliza."

"Ukasema na ile ya mtoto?"

"Nilisema."

"Vizuri," alisema Mama Pacha, akakamua shati.

Kamusi alisimama na karatasi yake. "Nilitaka kusimama," alisema. "Siku ile. Nilitaka."

"Najua. Niliona mkono."

"Kwa nini hukusema hujui? Walikuwa wanakuachia! Neno moja tu, sijui, ungerudi kukaa." Alikuwa analia sasa, na hasira yake ilimshangaza mwenyewe, kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa. "Kwa nini uliwajibu?"

Mama Pacha aliacha kufua. Maji yalimchuruzika viwikoni.

"Nilikwenda pale nimeshaamua kunyamaza," alisema. "Kisha akaniuliza. Mwenzangu, nina miaka arobaini na tatu. Mume wangu hakuniuliza kitu, msimamizi hakuniuliza kitu, hata shuleni mwalimu alinipita. Yule bosi akaniuliza neno, mbele ya watu wote, na mimi nikawa nalijua." Alitikisa kichwa. "Ningesemaje sijui?"

Akarudi kwenye beseni. Kamusi alijifuta uso kwa kiganja. Alitaka kuondoka na hakuweza, alitaka kukaa na hakukuwa na kiti.

"Orodha ilikuwa mia na ishirini," Mama Pacha alisema bila kuinua kichwa. "Tuliishia la mia na kumi na tisa. La mwisho lilikuwa lipi?"

"Msamaha wa jumla."

"Maana?"

Kamusi alijibu kama alivyozoea, kwa sauti ya chini. "Ni mtawala kufuta makosa ya watu wengi kwa pamoja, bila kuchambua nani alifanya nini."

Mama Pacha alilisikiliza neno lile mpaka mwisho, akalipima, kama alivyoyapima yote.

"Basi huo hautuhusu," alisema. "Hapa tuko wawili tu, na mimi najua nani alifanya nini."

Akachukua nguo nyingine, akaanza kusugua kola yake. Kamusi alibaki amesimama akisubiri aulizwe jingine, lakini orodha ilikuwa imeisha.